Wati ngapi zinatosha? Jibu kwa mvutaji anayehama kutoka sigara kwenda vepu

"Daktari, nina miaka 39 na nimevuta sigara tangu nikiwa na miaka 21, sasa hivi kama 15 kwa siku. Miezi miwili iliyopita ndugu yangu alinipa vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ya kubadilisha nguvu, inaanzia wati 5 hadi 80. Ilikuja na koili mbili, moja imeandikwa omu 0.3, wati 30 hadi 40, nyingine omu 0.8, wati 12 hadi 16. Nilianza na ya 0.3, nikaweka wati 38 na juisi ya chumvi ya nikotini ya miligramu 35. Siku hiyohiyo nikapata kizunguzungu, jasho jembamba, nikatapika. Nikafunga koili ya 0.8, lakini nguvu sikuigusa. Pafu la pili tu nikasikia ladha ya kitambaa kinachoungua, koo likawasha mpaka kesho yake. Rafiki mmoja anasema mbaya ni nikotini, niweke juisi isiyo na nikotini kabisa halafu nipandishe wati nipate moshi mwingi. Mwingine anasema ninunue kifaa kikubwa zaidi. Kwa sasa navuta vepu kidogo pamoja na sigara 5 au 6 kwa siku. Je, wati ngapi ndizo sahihi? Na kweli hiki kitu ni salama kuliko sigara? Mwezi ujao nina safari ya ndege, nikibebeje?"

Ndugu yangu, pole. Kutapishwa na kitu ulichokichukua ili uache sigara kunatosha kumrudisha mtu kwenye pakiti zima, nawe umeshuka kutoka 15 hadi 5 au 6. Si haba, ingawa nitakuwa na neno kuhusu hizo 5 au 6.

Ulichosimulia ni ajali mbili. Ya kwanza ni nikotini kuzidi mwilini, ya pili ni koili kuungua. Zote zimezaliwa na kosa moja: umeichukua namba ya wati kama sauti ya redio, kwamba ukipandisha unapata zaidi ya kilekile. Karibu kila anayeanza hufikiri hivyo, na watengenezaji hawasaidii wanapoichapa ile 80 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kifaa.

Wati hupima kasi ya nishati inayoingia kwenye koili, basi. Haikwambii nikotini ni kiasi gani wala arosto itatulia lini. Koili yenyewe ni waya au wavu mwembamba wa chuma uliogusana na pamba. Pamba inanyonya juisi, chuma kinapata moto, juisi iliyo karibu nacho inageuka mvuke, na mvuke ukipoa kidogo unakuwa ule ukungu unaouvuta. Watu huuita mvuke wa maji. Sio. Ni matone madogo mno ya propilini glaikoli na gliserini, vimiminika viwili vinavyounda sehemu kubwa ya juisi, yamebeba nikotini na vionjo.

Fikiria sufuria jikoni. Maadamu ina maji, hata moto uwe mkali vipi, haiungui, kwa sababu maji yanapochemka yanaondoka na joto. Yakikauka, dakika chache tu nyumba nzima inanuka. Ndani ya koili, juisi ndiyo inayofanya kazi ya yale maji. Propilini glaikoli huchemka kwenye nyuzijoto 188 za Selsiasi, gliserini kwenye 290, na mchanganyiko wao hukaa mahali fulani katikati. Pamba ikiwa imelowa vizuri, koili haina nafasi ya kupanda sana juu ya hapo. Ikikauka, joto linaruka, pamba inaungua, na hivyo vimiminika viwili vinavunjika na kutoa formaldehidi na akrolini. Formaldehidi ni kemikali ileile inayotumika kuhifadhi maiti, na inasababisha saratani. Akrolini ndiyo inayokuwasha macho na koo mafuta ya kupikia yanapoungua. Kwa hiyo koo lako halikukudanganya.

Sasa tufanye hesabu ya koili yako ya pili. Wati ni volti mara volti, ukigawanya kwa omu, yaani ukinzani wa koili. Ili kupata wati 38 kwenye koili ya omu 0.8, kifaa kililazimika kusukuma karibu volti 5.5. Koili hiyo, kwa wati 14, inahitaji kama volti 3.3 tu. Uliimwagia nishati karibu mara tatu ya inayoistahimili, huku vitundu vyake vidogo vya kupitishia juisi vikiwa vilevile. Pafu la kwanza lilimaliza juisi iliyokuwa kwenye pamba, la pili likakuta pamba kavu. Usingeweza kupata matokeo mengine.

Ndiyo maana swali "wati ngapi ni sahihi" halijibiwi kwa kutazama skrini ya kifaa. Linajibiwa kwa kusoma maandishi madogo kwenye ubavu wa koili. Zile 80 zinasema tu kifaa kinaweza kufika wapi, kama spidi iliyoandikwa mwisho wa dashibodi ya gari.

Turudi siku ya kwanza. Koili ya omu 0.3 kwenye wati 38 haikuwa na kosa, ilikuwa ndani ya kiwango chake. Kosa lilikuwa juisi. Koili kama hiyo imeundwa kwa uvutaji wa kupeleka ukungu moja kwa moja kwenye mapafu: hewa nyingi, ukungu mwingi, na kwa sababu hiyo juisi yake huwa nyepesi kwa nikotini, kwa kawaida miligramu 3 hadi 6 kwa mililita. Wewe uliweka 35. Mvutaji wa sigara huingiza mwilini kama miligramu 1 hadi 2 za nikotini kwa sigara moja. Mililita moja ya juisi yako ina 35. Si zote zinazofika kwenye damu, lakini koili yenye njaa namna ile huimaliza mililita hiyo upesi sana.

Na kwa nini hukushtuka mapema? Kwa sababu ya hilo neno "chumvi". Nikotini ya kawaida ikiwa kali hukaba koo, na koo hukataa kabla mwili haujalewa. Nikotini ya chumvi imechanganywa na asidi, mara nyingi asidi ya benzoiki, ili ipite laini. Ni jambo zuri kwa mtu mwenye koili ndogo anayetaka kutuliza arosto haraka bila kukohoa. Kwenye koili kubwa ni sawa na kung'oa king'ora cha moto. Kizunguzungu, jasho jembamba, kichefuchefu na moyo kwenda mbio ni dalili za nikotini kuzidi. Zikikujia tena, weka kifaa chini, kaa penye hewa, kunywa maji. Kwa kawaida hupungua ndani ya saa moja au mbili.

Ushauri wa rafiki yako wa kwanza nauelewa unakotoka, lakini ameushika kwa upande wa makali. Nikotini inakufanya mtumwa, inapandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, ni mbaya kwa mimba na kwa ubongo wa kijana ambao bado unakua. Sio dawa ya kuchezea. Lakini saratani na magonjwa ya mapafu yanayowaua wavutaji hutoka hasa kwenye moshi wa tumbaku inayoungua. Mtu wa sigara 15 akiondoa nikotini ghafla na kubaki na mawingu, arosto itampiga mpaka jioni, na jioni atatafuta sigara. Tena watafiti nchini Uingereza waliwapa watu waliozoea vepu juisi ya miligramu 6 na ya 18 kwa zamu, wakaona kwamba kwenye ile nyepesi walivuta pafu ndefu zaidi, mara nyingi zaidi, na kutumia juisi nyingi zaidi. Mwili ulikuwa unatafuta nikotini yake. Kila pafu la ziada ni kemikali za ziada. Kupandisha wati na kufuta nikotini kwa pamoja kunakupa ukungu mwingi kuliko wote na utulivu mdogo kuliko wote.

Rafiki wa pili naye hapana. Hicho kifaa chako tayari kimezidi mahitaji yako.

Mimi ningefanya hivi. Nunua koili mpya ya omu 0.8, kwa maana iliyoungua imekwisha: ladha ile haitoki kwa kuosha wala kwa kuloweka. Kabla hujaifunga, dondosha matone machache ya juisi kwenye pamba inayoonekana kwenye vitundu. Ifunge, jaza tangi, halafu iache dakika 10. Wengi huruka hatua hii, kisha wanalaumu koili kuwa ni feki. Chukua juisi ya chumvi ya miligramu 20, mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa propilini glaikoli na gliserini. Miligramu 20 kwa mililita ndiyo kikomo cha kisheria katika nchi za Umoja wa Ulaya, na kwa mtu wa sigara 15 huwa inatosha. Ile ya 35 iweke kando. Usijaribu kuipunguza makali mwenyewe jikoni, nikotini kali hupenya ngozini. Uwiano nao ni muhimu: juisi yenye gliserini nyingi ni nzito kama asali, inatembea polepole kwenye pamba, na koili ndogo inaikaukia hata kwa wati zilizo sahihi.

Washa kifaa kikiwa kwenye wati 12. Ziba sehemu kubwa ya tundu la hewa hadi uhisi unavuta kama sigara: kwanza mdomoni, kisha ndani. Pafu la sekunde mbili au tatu, pumzika, subiri. Sigara ulikuwa unaimaliza dakika tano kisha unaisahau, vepu haina mwisho wa kukwambia umemaliza, na hapo ndipo watu hujikuta wanavuta bila kuhesabu. Ukiona utulivu hautoshi baada ya siku mbili tatu, panda nusu wati kwa nusu wati, mwisho 15. Ladha ikianza kuwa ya moto au kavu, shuka papo hapo. Usisubiri ladha ya kuungua iwe ndiyo mpaka wako, maana kemikali hizo zinaweza kuanza kuongezeka kabla ulimi haujatambua. Utulivu unaoupata kwa wati za chini ni bora kuliko uleule kwa wati za juu.

Kwenye menyu ya kifaa utakuta hali nyingine nyingi. Ile ya kudhibiti joto ina maana kwa koili za chuma ambacho ukinzani wake hubadilika kinapopata moto, kama chuma cha pua, nikeli au titani. Kifaa kinayasoma hayo mabadiliko na kukata umeme kabla pamba haijaungua. Ni ubunifu mzuri, lakini koili nyingi za dukani hazijatengenezwa kwa ajili yake, na ukiiwasha kwenye koili isiyofaa inabahatisha. Baki kwenye hali ya wati. Nyingine ni mapambo.

Kwa msomaji ambaye bado hajanunua: mvutaji wa kawaida wa sigara hahitaji zaidi ya kifaa kidogo kinachofika wati 25 au 30, chenye koili zinazobadilishwa kati ya omu 0.6 na 1.2. Kiwe kinasoma koili chenyewe, kinakata umeme kikigundua shoti, na kinajizima ukishikilia kitufe muda mrefu. Vifaa visivyo na saketi yoyote ya ulinzi, ambapo betri inaungana na koili moja kwa moja, ni vya watu wanaojua hesabu za umeme, na hata hao wengine wameumia. Na kama huvuti sigara, makala hii haina kitu kwa ajili yako, usianze.

Betri nitaisemea zaidi, kwa sababu hapo ndipo ajali ya dakika moja inapopatikana. Vifaa vya saizi yako hutumia mara nyingi betri inayotolewa na kurudishwa, aina ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu 65. Ikijaa ina volti 4.2, ikikaribia kuisha inashuka hadi 3.3 au chini. Kwa wati 13 inatoa kama ampea 4 hata inapokuwa imechoka, mchezo mdogo. Kwa wati 80, betri moja iliyochoka inaombwa ampea 24 na zaidi, na hapo betri nyingi nzuri za saizi hiyo zinafika ukingoni au kuuvuka. Halafu zipo zilizovishwa ganda jipya na kuandikwa ampea 40, ambazo sijawahi kuziamini na sitaanza leo. Nunua kwa muuzaji anayejulikana. Ganda la plastiki likichanika hata kidogo, usiitumie. Usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu: chuma kikigusa ncha zote mbili, inapata shoti na kuwaka moto kwenye paja lako. Kisanduku cha plastiki cha kuitunzia ni rahisi kuliko bandeji. Ichaji ukiwa macho, juu ya kitu kigumu, mbali na kitanda, kwa chaja inayoendana nayo.

Na juisi ifungiwe mbali na watoto. Inanukia kama pipi, na kiasi kidogo kikimezwa kinaweza kumuua mtoto. Mtoto akiimeza, nenda hospitali hapo hapo, na chupa uibebe.

Je, ni salama kuliko sigara? Hapa watu hutaka jibu la neno moja, na mimi nina mawili. Ndiyo, kwa mtu mzima anayevuta ambaye anahama kabisa, kwa sababu hakuna kinachoungua: anaacha nyuma lami na kaboni monoksaidi na kemikali nyingi za moshi, na nyingine anazipata kwa kiwango cha chini sana. Na hapana, si salama kama hewa. Vifaa hivi katika umbo tunalolijua vilibuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Magonjwa makubwa ya mapafu huchukua miongo kadhaa kujionyesha, kwa hiyo anayekuahidi utakuwaje baada ya miaka 30 ya vepu anauza kitu.

Kama chombo cha kuachia sigara, kuna ushahidi. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa 2019 liliwagawa wavutaji waliotaka kuacha: baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa plasta, chingamu na dawa nyingine za nikotini. Ila soma na sehemu ya pili, ambayo wauzaji huiruka: kati ya waliofanikiwa kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanavuta hiyo vepu mwisho wa mwaka. Kwa wa upande wa pili ilikuwa asilimia 9. Ukitaka njia yenye mwisho ulio wazi zaidi, plasta pamoja na chingamu, au vidonge vya vareniklini au sitisini, ni chaguo la heshima, na Shirika la Afya Duniani haliungi mkono vepu kama njia ya kuachia. Sikuandikii ili uipende vepu. Nakuandikia kwa sababu unayo tayari mkononi na unaitumia vibaya.

Sasa zile sigara 5 au 6. Mtu hudhani akipunguza theluthi mbili, hatari imepungua theluthi mbili. Kwa mapafu kuna ukweli fulani, kwa moyo hakuna. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba hata sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mtu wa sigara 20. Nadhani hukuziacha kwa sababu vepu yako haikuwahi kukutosheleza: ama ilikulevya, ama ilikuunguza. Ikikaa sawa kwa wiki moja, chagua siku, na siku hiyo usiwe na sigara nyumbani. Sigara ya asubuhi ndiyo huwa ngumu kuliko zote, basi plasta ya nikotini unaweza kuibandika pamoja na vepu bila hofu kubwa, mradi usirudi kwenye koili ya 0.3. Ukishatulia miezi kadhaa bila sigara, ndipo tushushe miligramu, taratibu, 20 kwenda 10 au 12, kisha chini zaidi. Wati ziache palepale.

Nenda ukaonwe ana kwa ana, usiniandikie, ukipata maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kukohoa damu, au kikohozi kinachokuja na homa na kutapika. Mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko wa majeraha ya mapafu kwa watumiaji wa vepu: hadi Februari 2020 zaidi ya watu 2,800 walikuwa wamelazwa au kufariki, vifo vikiwa 68. Kisababishi kikuu kilikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye juisi za bangi za mitaani. Kwa hiyo kitu chochote chenye mafuta kisiingie kwenye tangi, hata kiwe cha asili, na juisi isiyo na lebo usiiguse. Pia muone daktari kabla ya kuendelea kama una pumu, ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu. Na kwa miaka 18 ya sigara, kipimo cha uwezo wa mapafu na cha presha vinakustahili hata usiposikia chochote.

Kuhusu ndege: kifaa na betri zote ziwe kwenye mkoba wa kuingia nao ndani, kamwe si kwenye mzigo unaokabidhiwa, ndiyo kanuni ya kimataifa tangu 2015, na huruhusiwi kukichaji ukiwa angani. Kizime kabisa, betri za ziada ziwe kwenye kisanduku chake. Tangi liache nusu tupu, kwa sababu shinikizo la hewa likishuka linavuja, na utajua hivyo kwa suruali. Halafu angalia sheria ya unakokwenda, na ya unakobadilishia ndege. Singapore na India, kwa mfano, wamepiga marufuku vifaa hivi. Ikiwa ndiko unakoelekea, kiache nyumbani na ubebe plasta.